Kichochoro Kinachokunywa Maji

“Kazi ya mkono huu hairudiwi,” alisema Fundi Wembe, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi. “Tangu nishike mwiko sijawahi kuitwa kurekebisha. Nikimaliza, nimemaliza. Anayetaka kufumua, aje na baruti.”

Alikuwa amesimama katikati ya kichochoro, mikono kiunoni, mwiko umechomekwa mkandani kama bastola. Vibarua wake wawili walitikisa vichwa kukubali, si kwa sababu walimwamini, bali kwa sababu ufunguo wa stoo, pamoja na birika la chai lililokuwa humo ndani, ulikuwa mfukoni mwake.

Tumwache ajisifu. Fundi asiyejisifu ni kama jogoo asiyewika, watu watadhani ni kitoweo. Ila maneno yale yashikeni vizuri, maana hayatafika mbali.

Jina la Wembe alipewa na watu waliojaribu kupitisha wembe kati ya matofali mawili aliyoyapanga, wakarudi na wembe uliopinda. Chochote ambacho hakitakiwi kuvuja, aliitwa yeye: matangi, mabafu, masinki, mabwawa ya samaki. Dini yake ya kazi ilikuwa methali moja tu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliisema asubuhi akikoroga saruji, aliisema mchana akinawa mikono, na mkewe anaapa kwamba hata usingizini aliisema, tena huku akipapasa ukuta.

Kichochoro chenyewe kilishuka kutoka barabara kuu mpaka bondeni, na mwisho wake kabisa, mlango ukitazama mteremko uso kwa uso, palikuwa na nyumba ya Shangazi yake Wembe. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yalishuka humo kama wageni waliosikia harufu ya pilipili na vitunguu, yakaingia kwa Shangazi bila hodi wala viatu kuvua. Kitanda chake kilikuwa juu ya matofali. Kabati juu ya matofali. Jiko juu ya meza, na meza juu ya matofali. “Bado mimi tu kujiinua,” alikuwa akisema.

Sasa halmashauri ilikuwa na mipango miwili mezani. Wa kwanza ulikuwa wa zamani: mtaro wa zege, mpana kiasi cha lori kuanguka ndani na kukosa mtu wa kulitoa, upite moja kwa moja bondeni. Ili upite, nyumba zilizo njiani zibomolewe, na ukutani kwa Shangazi tayari kulikuwa na alama nyekundu. Mpango wa pili ulikuwa wa Afisa Mipango Miji, mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira hata siku za jua kali, na aliyekuwa akiongea na madiwani bila kushusha macho.

“Waheshimiwa,” aliwaambia, “tumeyakimbiza maji miaka yote na kila mara yanatushinda mbio. Tuyape mahali pa kukaa. Barabara zipitishe maji, chini yake tupange kokoto kama godoro, miti ya pembeni inywe hayohayo. Mapaa yavune mvua, taa ziwake kwa jua. Mji wetu unajua kutapika maji tu. Tuufundishe kunywa.”

Madiwani walicheka, lakini walicheka vizuri, wakampa kichochoro kimoja cha kujaribia. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa. Siku ya mtihani lingekuja boza la maji, limwagwe lote kule juu. Kichochoro kikinywa, mpango wa Afisa unapita bonde zima na alama nyekundu zinafutwa. Maji yakigusa kizingiti cha Shangazi, katapila linakuja.

“Mwanangu,” Shangazi alimwambia Wembe siku alipopewa kazi, “hapa ndani ndipo meno yako ya maziwa yalipong’oka. Usiniangushe.”

“Shangazi, wewe lala.”

“Nilale wapi, na kitanda kiko karibu na dari?”

Kazi ikaanza. Afisa alisimama juu ya kichwa cha fundi kama mwalimu wa hesabu. Kokoto kubwa chini, za kati juu yake, halafu vitofali, na kati ya kitofali na kitofali mwanya wa upana wa kidole cha mwisho. Mianya ijazwe kokoto ndogondogo kama punje za nafaka. Mchanga hapana. Saruji hapana.

“Mianya yote hii?” Wembe aliuliza.

“Yote hii, fundi.”

“Dada yangu, nikiacha mwanya kama huu kwenye bafu la mtu, ananipeleka polisi.”

“Hapa si bafuni. Hapa tunataka ivuje.”

“Ivuje,” Wembe alirudia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kutukana mbele ya mama mkwe. Lakini alipanga kama alivyoambiwa, meno yameumana, mpaka kitofali cha mwisho. Afisa akamshukuru, akaondoka kwenda kiwandani kukagua matangi na taa.

Angeondoka na Kinyozi pia, tusingekuwa na hadithi.

Kinyozi alikuwa na kibanda pale juu kichochoro kinapoanzia, na mdomo uliokuwa mkali kuliko mashine zake. Asubuhi iliyofuata alitoka na taulo begani, akainama, akaangalia vitofali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Wembe, ndugu yangu,” alisema kwa huzuni ya bandia. “Umeumwa?”

“Sijaumwa.”

“Basi ni nini hiki? Tulikuita Wembe, naona siku hizi umekuwa kichana.” Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akaanza kutikisika. “Mianya kama meno ya babu yangu! Na babu alikufa ana mawili.”

Wembe alijaribu kueleza habari za godoro la kokoto. Kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kukusanyika, na ndivyo maelezo yalivyozidi kufanana na visingizio. Mwanamke mmoja alipita, kisigino cha kiatu chake kikanasa kwenye mwanya, akasonya. Msonyo ule ulimwingia Wembe mpaka kwenye mifupa. Mtu unaweza kuvumilia njaa, unaweza kuvumilia jua, lakini kusonyewa juu ya kazi yako mwenyewe? Aliwaza: nikiziba kidogo tu, kwa juu, nani atajua? Kokoto si ziko chini bado? Maji yatapata pa kupita, maji hayakosi pa kupita, kama hayakosi kwa Shangazi yatakosaje hapa?

Akafungua stoo. Akakoroga saruji na mchanga laini mpaka vikawa vyepesi kama maziwa, akavimwaga, akavisambaza, akafuta, akapiga msasa. Hiyo “kidogo tu” ilianzia kwa Kinyozi na haikuisha mpaka mlangoni kwa Shangazi. Ilipokauka, kichochoro kiling’aa kama sahani ya wageni. Kinyozi mwenyewe alitoka, akapitisha kidole, akakiri, “Haya. Wembe ni wembe.” Na hapo ndipo fundi wetu aliposhika kiuno na kutangaza kwamba kazi ya mkono wake hairudiwi.

Mwangwi wa maneno hayo haujafa, Afisa akatokea.

Alikuwa amerudi mapema, siku mbili kabla ya mtihani, buti zina vumbi, uso una furaha. Alitembea hatua chache. Furaha ikasimama. Akatazama chini, akamtazama Wembe, akatazama chini tena. Kisha akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akaimimina yote pale alipo.

Maji hayakuuliza njia. Yalikusanyika, yakajinyoosha, yakaanza kuteremka polepole, mstari mmoja mwembamba, kuelekea bondeni kama barua inayojua anwani.

“Fundi,” Afisa alisema, “hii ni kazi nzuri sana.”

“Asante, dada.”

“Nzuri sana kwa sinki.”

“Labda vitofali havijazoea. Vitu vipya unajua vinahitaji muda...”

“Umeziba.”

“Nimeziba kidogo.”

“Wapi hujaziba?”

Swali hilo lilikuwa zuri, na Wembe aligeuza shingo huku na huku akilitafutia jibu. Alikuwa amefanya kazi safi mno.

“Dada, mimi nilifundishwa hivi,” alisema hatimaye, sauti imeshuka. “Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mikono yangu haijui kitu kingine. Nikiona mwanya, inawasha.”

Afisa hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliinua kidole, akaonyesha chini mwisho wa mteremko, kwenye alama nyekundu. “Hapa ukiziba ufa, fundi, tunabomoa ukuta. Ule pale.”

Neno lile likaingia palepale palipoingia msonyo, likaenda ndani zaidi. Wembe aliutazama ukuta wa Shangazi. Aliukandika mwenyewe, akiwa bado anajifunza, na kona moja ilikuwa imepinda kidogo na Shangazi hakuwahi kumruhusu ainyooshe. Akachomoa mwiko mkandani, akauweka chini.

“Lete patasi,” aliwaambia vibarua. “Na nyundo ile kubwa.”

Pigo la kwanza lilirudi. Nyundo iligonga patasi, patasi ikagonga kiungo cha saruji, kiungo kikanyamaza kimya. Pigo la pili likamuuma kiwiko. La tatu likavunja kitofali na kuacha saruji ikiwa nzima, inamcheka. Hapo ndipo Wembe alipokutana na fundi hodari kuliko wote mjini, na fundi huyo alikuwa ni yeye mwenyewe wa juzi.

“Mshenzi huyu alikoroga vizuri,” alinong’ona, akifuta jasho.

“Nani?” aliuliza kibarua.

“Nyamaza, piga.”

Walipofanikiwa kung’oa kipande cha kwanza, vitofali vilitoka vimeshikana kama ndugu kwenye msiba, nusu yake vimepasuka. Afisa alichuchumaa, akachunguza chini. Kokoto za juu zilikuwa zimeganda, saruji imezidondokea. Akaingiza mkono zaidi. Chini ya hapo zilikuwa safi, zinacheza vidoleni.

“Godoro ni zima,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu. “Umeziba mdomo tu. Tumbo lipo.”

“Kwa hiyo tunafumua kote?”

“Vitofali vya kurudishia vilivyobaki stoo havitoshi hata robo, na boza halitusubiri.” Akasimama, akatembea kwenda juu, akarudi chini, akihesabu kwa midomo, akipima mteremko kwa macho na kwa programu ya simu yake iliyochora mistari ya rangi. “Hatuhitaji kote. Maji yanakimbia juu ya sinki lako, sawa? Yaache yakimbie. Tutayakatia njia. Mikanda ya kukatiza, ukuta hadi ukuta. Kule juu michache, huku chini yakishapata mbio, iwe karibu karibu. Kila mkanda ukiwa wazi kabisa, yanazama humo, yanasambaa chini kwenye godoro lote.”

“Na mkanda wa mwisho?”

“Mbele ya mlango wa Shangazi yako. Huo ndio golikipa.”

Wembe alicheka, kicheko cha mtu aliyetolewa mfupa kooni. “Dada, wewe ungekuwa fundi ungetuua njaa sote.”

“Piga, fundi.”

Wakapiga. Afisa alivua koti, akashika koleo, na vibarua walipomwambia aache akawauliza kama koleo limeandikwa jina la mtu. Walifunga turubai pale juu ili wapita njia wasione, nalo likamwita kila mpita njia. Kinyozi akachungulia.

“Wembe, si ulimaliza?”

“Awamu ya pili!” Wembe alijibu bila kugeuka. “Ilikuwepo kwenye mpango!”

“Awamu ya pili ndiyo kuvunja awamu ya kwanza?”

“Nyoa watu, wewe!”

Siku ile na iliyofuata walifumua mkanda baada ya mkanda. Kokoto zilizoganda walizitoa, wakaweka nyingine. Vitofali vilirudi kwenye nafasi zake, na kati yake ile mianya, upana wa kidole cha mwisho, punje ndogondogo zikimwagwa na kusukumwa kwa vidole. Mikono ya Wembe iliwasha, akaiacha iwashe. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki. Jioni turubai likashuka, na kichochoro kilikuwa na mistari kama punda milia.

Asubuhi ya mtihani watu walijaa mpaka juu ya kuta. Meya alikuja na madiwani wake. Kinyozi alifunga kibanda, na mteja wake akaja naye, upande mmoja una povu. Shangazi alileta kiti, akakiweka ndani ya kizingiti chake, akakaa, miguu peku ikigusa sakafu kavu.

Afisa alisimama mbele ya waheshimiwa. “Kabla hatujaanza,” alisema, “mchoro umebadilika. Sehemu kubwa ya uso wa kichochoro imezibwa, haipitishi maji. Kazi yote itafanywa na hii mikanda. Nataka mjue hivyo kabla, si baada.”

Diwani mmoja, mpenzi wa mtaro wa zege, akamnong’oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi bondeni, “Wameshaanza kujitetea.”

“Dereva,” Afisa akasema, “mwaga.”

Boza likakohoa, bomba likavimba, maji yakatoka na kishindo. Yalijaza kichochoro ukuta hadi ukuta, ya rangi ya chai kwa vumbi, yakashuka. Yakafika mkanda wa kwanza yakaupita. Watu wakaguna. Yakafika wa pili, yakaupita pia. Lakini Afisa alikuwa ameinua kidole, hatazami mbele ya maji, anatazama nyuma yake. “Tazameni kina,” alisema. “Msitazame mwendo, tazameni kina.”

Ni kweli. Yaliyokuwa ya kifundo cha mguu yalikuwa yamekuwa ya kisigino. Kwenye mkanda wa tatu mianya ilianza kutoa viputo, vidogo vingi, sauti kama ya mtu anayekunywa supu ya moto. Mkanda wa nne ukayapunguza yakawa ulimi. Ule ulimi ukajinyoosha kuelekea kwa Shangazi, ukachelewa, ukawa mwembamba, ukafika kwenye mkanda wa mwisho. Hapo ukasimama. Kule juu boza liliendelea kumimina, dereva akiwa amefungua mpaka mwisho, na kila kilichokuja kilifika pale, kikazunguka kidogo kama mzee anayetafuta kiti, kikakaa chini, kikatoweka.

Shangazi alinyoosha mguu nje ya kizingiti, akakanyaga. Akaurudisha, akautazama unyayo wake. Mkavu.

Mtaa ulilipuka. Kinyozi alimkumbatia mteja wake, povu likahamia shavuni mwake. Yule diwani wa mtaro alijikuta anapiga makofi kabla hajaamua. Meya alisubiri boza limalize tone la mwisho, akasubiri tena, akaona hakuna kilichobaki juu ya vitofali ila unyevu, kisha akasema kwa wote, “Bonde lote lijengwe hivi. Alama zile zifutwe leo, nisizikute nikipita jioni.” Vibarua walikuwa wameshaanza kuikwangua ile ya Shangazi.

Meya akainama kwenye mkanda wa mwisho, akapapasa mianya. “Huu ni ujuzi,” alisema. “Ila niambieni, kwa nini mikanda? Mchoro mlionionyesha ulikuwa na mianya kote.”

Afisa akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa tayari ulimini mwake. Lakini ulimi wa Wembe haujawahi kusubiri zamu tangu uzaliwe.

“Mheshimiwa, hapo ni mimi,” alisema, kifua kimevimba. “Tangu siku ya kwanza nilimwambia dada yangu hapa: mimi mianya siiogopi. Maji ni kama binadamu, lazima yapumue. Lakini tuyabane kwanza, yakimbie, halafu tuyafungulie mlango. Ni hesabu za ndani, Mheshimiwa. Wala sikuwa na wasiwasi hata chembe. Boza lilipokuja mimi nilikuwa nawaza chakula cha mchana.”

Afisa alimtazama kama unavyotazama gari linalorudi nyuma kuelekea shimoni, dereva akipiga mluzi.

“Ati?”

Sauti ilitoka mlangoni. Shangazi alikuwa bado kitini, amekunja mikono.

“Mtoto wa kaka yangu, hebu rudia hapo, masikio yangu yana umri. Hukuwa na wasiwasi?”

“Shangazi, tunaongea na wageni.”

“Ongea nao, mwanangu, nani kakukataza? Mimi nauliza tu.” Akajiweka sawa kitini, na mtaa mzima ukajiweka sawa pamoja naye. “Jana adhuhuri, wenzako wamekwenda kula. Yule mwanamume aliyelala kifudifudi chini ya dirisha langu, shavu juu ya kitofali, kikombe changu cha bati mkononi, anamimina tone moja moja na kubembeleza, ‘Kunywa, baba. Kunywa, usiniaibishe kwa Shangazi.’ Yule alikuwa nani?”

Meya akageuka kumtazama Wembe. Madiwani wakageuka. Kinyozi akafuta povu sikioni. Na kule juu, dereva wa boza akazima injini ili jibu lisimpite.